Mlima wa Mombo na mtoto wa kuangalia mshale

Mzazi ambaye hajapanda na familia kutoka Mombo kwenda Lushoto mchana wa Januari anaweza kudhani joto la gari ni habari ya mafundi peke yao. Sisi tunaopanda huko kila mwaka tunajua ni habari ya wote waliomo ndani, hata yule aliyekaa kiti cha nyuma na pakiti yake ya biskuti.

Barabara yenyewe ni kama kilomita 33. Unaiacha barabara kuu pale Mombo, kwenye joto la tambarare, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, na unamaliza Lushoto kwenye mita zipatazo 1,400. Katikati ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, lori la mboga likishuka na basi likipanda. Ni njia inayopendeza macho, na pia ndiyo njia ambayo magari yaliyotoka Dar es Salaam bila neno lolote huanza kuchemsha.

Sababu si ngumu kuelewa. Gari likiwa kwenye lami ya Chalinze au Segera kwa kasi ya 80, upepo wa safari unaingia wenyewe kwenye rejeta. Mlimani kasi inashuka hadi 30 au chini yake, injini inafanya kazi kubwa zaidi, na ule upepo haupo tena. Hapo rejeta inategemea feni zake tu. Feni iliyokufa inaweza isikusumbue kutoka Dar hadi Korogwe, ikaja kukusumbua mlimani.

Gari letu ni Subaru Forester yenye tabo, na tabo inaongeza moto juu ya moto. Ni feni ndogo mbili kwenye mhimili mmoja: moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa ya ziada iingie ndani ili gari lipate nguvu. Inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoizungusha, gari likibanwa sana, unaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Hewa nayo ikishindiliwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto ukijaza tairi. Ndiyo maana kuna intakula, rejeta ndogo ya kupooza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini. Kwenye gari letu imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likienda inapata upepo. Likitambaa nyuma ya lori, inapikwa na injini iliyo chini yake. Wenye supachaja, inayozungushwa kwa mkanda wa injini badala ya moshi, nao wana hesabu hiyohiyo ya hewa iliyoshindiliwa.

Sisemi haya kumtisha mtu. Tabo si tabu ikitunzwa, na mlima unaipenda, maana hewa ya juu ni nyepesi na yenyewe inaisaidia injini kupumua. Inachotaka ni mtu anayeiangalia.

Wiki moja kabla ya safari mume wangu hupeleka gari kwa fundi. Oili inabadilishwa kwa wakati, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu oili ndiyo inayolainisha na kupooza ule mhimili wa tabo. Rejeta inaoshwa kutoka nje, kutoa tope na wadudu waliokwama. Mipira ya maji inabonyezwa kuona kama imechoka. Ndani inawekwa kulanti, si maji ya bomba, kwa kuwa maji matupu yanaleta kutu na yanachemka mapema. Kifuniko cha rejeta nacho kinakaguliwa. Juu kule Lushoto maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Ni kifuniko hicho, kwa kushikilia shinikizo, ndicho kinachoyazuia yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kikilegea, safari yote inalegea.

Kuna fundi aliyewahi kutushauri kutoa themostati, ati nchi yetu ni ya joto na gari litapoa vizuri zaidi. Mume wangu alikataa. Themostati ndiyo inayoiweka injini kwenye joto lake sahihi. Ukiitoa injini inafanya kazi ikiwa baridi mno tambarare, inakula mafuta na kuchakaa, na ugonjwa uliokuwa unalifanya gari lichemshe unabaki palepale.

Lakini matengenezo ni nusu ya habari. Nusu ya pili tulifundishwa na mzee mmoja barabarani.

Ilikuwa Desemba, kabla ya kufika Soni. Mbele yetu familia ilikuwa imesimama, boneti limefunguliwa, mvuke unatoka, na watoto wawili wadogo wamezunguka kuangalia. Baba yao alikuwa amekunja kitambaa mkononi, anataka kufungua kifuniko cha rejeta ili aongeze maji. Mzee aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe aliutua chini akamwambia, "Mwanangu, acha hicho kifuniko. Kwanza watoe watoto." Hakupaza sauti. Yule baba aliacha, watoto wakasogezwa upande wa mwamba, tukakaa wote kungoja. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo, ukiyafungulia yakiwa ya moto, hulipuka kuwa mvuke papo hapo na kumrukia aliye karibu. Mtoto anayechungulia, uso wake uko sawasawa na rejeta. Na hata maji baridi waliyokuwa nayo yangemiminwa kwenye injini iliyoungua, silinda hedi ingeweza kupasuka.

Usiku ule, tukiwa tumefika salama, tulizungumza nyumbani. Mume wangu akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa dereva: kwamba mlimani macho yake yako kwenye kona, na mara nyingi mshale wa joto anaukumbuka akiwa ameshafika. Tukaamua kazi hiyo apewe binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 11 na mwenye macho yasiyokosa kitu. Angekaa katikati ya kiti cha nyuma, amefunga mkanda, mahali anapoiona geji. Mshale ukitoka kwenye nafasi yake ya kawaida, aseme, "Baba, simama." Na baba atasimama pakipatikana penye nafasi, bila kubishana.

Hilo la mwisho ndilo sharti lenyewe. Magari mengi ya siku hizi mshale wake umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi. Ukiuona umeanza kusogea kwenda juu, basi joto limeshapita kiasi, na dereva anayesema "ngoja tumalize kona hizi" anacheza na gasketi ya silinda hedi.

Sharti letu lilipimwa Januari miaka miwili baadaye. Tulipigiwa simu asubuhi kwamba shangazi yake mume wangu, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, amefariki Lushoto na atazikwa baada ya swala ya Alasiri. Tuliondoka Dar saa mbili na nusu. Hapakuwa na wakati wa kwenda kwa fundi. Saa nane na nusu tulikuwa Mombo, jua limesimama, na kwa hesabu zetu tungefika saa tisa na nusu, wakati wa kumuona kwa mara ya mwisho.

Tulikuwa tumepanda kilomita chache tu, tukiwa nyuma ya lori, nikasikia sauti ndogo: "Baba, simama."

Mume wangu hakujibu. Nilimuona akitazama saa ya gari, halafu mshale. Ulikuwa umesogea upana wa kucha, si zaidi. Sitasahau jinsi alivyoshika usukani. Penye nafasi ya kwanza, mbali na kona, aliingia pembeni akasimama.

Tulifanya kama tulivyokubaliana. Kiyoyozi kilizimwa, maana nacho kinamwaga joto mbele ya rejeta. Hita ya ndani ikafunguliwa hadi mwisho, madirisha yote wazi, kwa sababu hita ni rejeta ndogo inayochota moto wa injini. Injini iliachwa ikinguruma polepole kidogo. Mshale ulipokataa kushuka, ikazimwa. Jiwe likawekwa nyuma ya tairi, pembetatu za kuakisi zikawekwa nyuma, watoto wakakaa upande wa mwamba. Kifuniko hakuna aliyekigusa. Tulingoja dakika 50 bila maneno mengi. Halafu kulanti ikaongezwa, na tukapanda polepole kwa gia ndogo, bila kiyoyozi, tukiliacha lori liende zake mbele.

Tulifika saa kumi na robo. Mwili ulikuwa umeshatoka nyumbani. Mume wangu alikimbia makaburini akakuta wanafukia. Alipata kuweka udongo wake, mikono mitatu, na basi. Uso wa shangazi yake hakuuona.

Usiku binti yetu hakula. Baba yake alipomfuata barazani, akamuuliza, "Baba, ningenyamaza tungewahi?"

Alimjibu, "Labda tungewahi. Labda tungelala pale kwenye kona, au mmoja wenu angeungua. Uliona, ukasema, mimi nikasimama. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, na hata kesho ukisema nitasimama."

Kesho yake fundi wa Lushoto aligundua feni moja ya rejeta haizunguki kabisa. Mota yake ilikuwa imeungua, hatujui tangu lini. Aliibadilisha kabla ya sala ya adhuhuri.

Nimesimulia hili kwa sababu tunawafundisha watoto wetu kusema wakiona hatari, halafu siku wanaposema, tunakuwa na haraka. Tunawaambia watulie, wakubwa wanajua. Mtoto akinyamazishwa mara moja kwenye jambo kama hilo, mara ya pili hasemi, na si kwenye gari tu.

Wakati wa kurudi, kuna mawili ya kukumbuka. Mkifika juu msizime injini ya tabo papo hapo. Iacheni ingurume dakika moja au mbili, ili oili iupooze ule mhimili badala ya kuungulia humo na kuwa masizi. Na mkishuka, shukeni kwa gia ndogo, injini iwashikilie. Mguu ukikaa kwenye breki kutoka Soni hadi Mombo, joto linahamia kwenye breki, na hizo hazina mshale wa kuwaonya.

Binti yetu sasa yuko sekondari na kazi yake kamwachia mdogo wake. Huyo haridhiki kuangalia tu. Kila baada ya kona tatu anatangaza, "Katikati!" hata asipoulizwa, na baba yake kila mara anamjibu, "Ahsante, mwanangu."