Mzee Wetu wa Bulengera

Huku kwetu Butembo tajiri akifa watu huuliza kwanza ameacha nyumba ngapi na motakaa ngapi. Swali hilo tuliulizwa sisi wenyewe, makarani watatu tuliomtumikia mzee mmoja wa Bulengera kwa miaka mingi, siku ile tulipotoka makaburini. Hatukulijibu. Leo twapenda kuandika maneno machache juu ya mtu huyo, jinsi alivyofanya biashara na jinsi alivyokuwa baba wa nyumba. Jina lake hatulitaji, ndivyo jamaa yake walivyotuomba. Alikuwa Kambale, yaani mtoto wa kiume wa pili, na kwetu Wanande jina hilo halifichui siri ya mtu: liite sokoni saa nne asubuhi, uone ni wangapi watakaogeuka.

Alianza bila mtaji wowote. Katika ujana wake alipakia kabichi, maharagwe na viazi katika malori ya watu, akavipeleka Kisangani kwa njia ya Mambasa. Mvua ikinyesha, lori hulala matopeni siku nyingi, na kabichi huoza juu ya magunia. Basi akajifunza kuchukua maharagwe zaidi na kabichi kidogo. Alipokwisha kupata fedha ya kutosha kununua lori lake mwenyewe, ikafika Desemba 1979, serikali ya Mobutu ikafuta noti za zaire 5 na 10. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekwa. Wafanya biashara waliotunza fedha zao katika masanduku nyumbani waliamka maskini. Mzee naye alikuwa mmoja wao. Mama, mkewe, alituambia kwamba usiku ule hakusema neno. Alikaa jikoni akawamenyea watoto viazi, kazi ambayo hajaifanya kabla wala baada.

Akaanza tena kwa kahawa, kisha kwa mabati na misumari. Pengine msomaji wa mbali hajui biashara ya Butembo inavyokwenda. Mali hununuliwa Dubai au Guangzhou, hupakiwa katika makontena, hushushwa Mombasa, hupita Kampala, huvuka mpaka wa Kasindi, hupanda hadi Beni, na toka Beni bado kilomita 54. Mtu mmoja hawezi kujaza kontena peke yake kila mara, hivyo wafanya biashara hushirikiana. Mali ikifika, wachuuzi wa Lubero, wa Kanyabayonga, wa Bunia na hata wa Isiro huichukua kwa mkopo, mara nyingi pasipo karatasi, na fedha hurudi baada ya miezi. Uaminifu ndio benki yenyewe. Mzee alikuwa na daftari moja la jalada jeusi, ambalo sisi tuliruhusiwa kuandika ndani yake lakini si kulitoa nje ya duka.

Tena alikuwa katika kizazi kile cha wafanya biashara waliofanya kazi pamoja na Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo letu tangu 1966 hata 1997. Serikali ilikuwa mbali, na barabara zilikuwa mashimo. Waamini na wafanya biashara wakazitengeneza, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikaanzishwa mwaka 1989. Mzee alitoa mabati kwa kazi nyingi za namna hiyo, lakini ankara aliiandika kila mara, na juu yake akapiga mstari. Alisema karani asiyeona mali ikiandikwa atazoea kuona mali ikitoka. Mwaka 2000, Askofu Mkuu Kataliko alipozuiwa kurudi Bukavu na watawala wa wakati ule, akakaa Butembo toka Februari hata Septemba, Mzee alikwenda kumwamkia mara kwa mara. Oktoba ya mwaka uo huo habari ya kifo chake ilipofika kutoka Italia, duka lilifungwa siku nzima, jambo ambalo halikufanyika hata siku ya mazishi ya mama mzazi wa Mzee.

Mambo ya nyumbani twayajua kwa sababu duka na nyumba vilitengwa na ua mmoja tu. Kila siku saa kumi na moja jioni milango ilifungwa, hata kama mteja amesimama na fedha mkononi. Watoto wanane, wa kiume na wa kike, walileta madaftari yao ya shule, wakayapanga juu ya meza ile ile tuliyohesabia fedha. Yeye mwenyewe hakumaliza shule ya msingi, na hesabu za yule binti mkubwa zilimshinda kabisa, hata hivyo alizitazama ukurasa kwa ukurasa, akauliza, “Mwalimu ameandika nini hapa kwa wino mwekundu?”

Wengi wa rika lake walikuwa na kile kinachoitwa ofisi ya pili, yaani mwanamke wa pembeni huko Kampala au Goma. Safari ndefu huwapa watu visingizio. Mzee aliposafiri alimpigia Mama simu kila jioni, tena kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, hata wenzake wa hotelini wakamcheka. Lakini hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa mgumu wa fedha kupita kiasi. Misumari iliyopinda tuliinyosha kwa nyundo, mmoja mmoja. Wanawe hawakusikia sifa kinywani mwake, na mmoja wao alihama mji kwa sababu hiyo. Kwa maoni yetu, jambo hili aliliona kwa kuchelewa.

Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, halafu ukaingia Butembo na Katwa, wengi hawakuusadiki. Walisema ni biashara ya wageni. Mzee aliweka ndoo ya maji yenye klorini mlangoni, na asiyenawa hakuuziwa. Wateja wengine wakaenda kwa jirani. Chukudu zilizozoea kupanga mstari mbele ya depo yetu zikawa mbili au tatu kwa siku. Hakuiondoa ndoo ile mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa.

Baada ya hapo alifanya jambo lililochekesha mtaa wote. Alimchukua Mama, bibi mwenye wajukuu, akaenda naye kwenye ofisi ya komini kuandikisha ndoa. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani zamani, na mbuzi wa mahari walikwisha kutolewa; lakini kwa sheria ya Kongo ndoa ya kanisani peke yake haihesabiwi na serikali, na ndoa ya kijamaa haina budi kuandikishwa. Mjane asiye na karatasi hiyo ni rahisi kufukuzwa na ndugu wa mume. Tumewaona wajane wa namna hiyo, tena wajane wa matajiri, wakiuza ndizi kando ya barabara. Kisha akakaa mezani akaandika wasia kwa mkono wake mwenyewe, wote, pamoja na tarehe na sahihi, maana sheria yataka hivyo. Hati zake zilikuwa kama njia ya kuku, na kazi ile ilimchukua wiki mbili.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya tatu ya matanga, ndugu zake wakubwa kwa wadogo wakadai funguo za depo, kwa kuwa mali ya ukoo, walisema, haikai mkononi mwa mwanamke. Yule binti mkubwa, ambaye sasa ni mshika hesabu, akasimama akausoma wasia. Halafu akaeleza sheria: robo tatu za urithi ni za watoto, wa kike sawa na wa kiume, robo iliyobaki hugawanywa kwa mjane, kwa wazazi na kwa ndugu wa marehemu, na mjane hatolewi katika nyumba aliyoishi na mumewe. Baba mdogo mmoja akaondoka kwa hasira. Yule mkubwa wa wote akaomba karatasi, akaisoma mwenyewe polepole, akasema, “Basi na sisi tumo,” akakaa chini. Funguo zikabaki kwa Mama.

Kisha likaletwa daftari jeusi. Waliokuwa na deni walikuwa 41. Kumi na saba walikuja kabla ya siku arobaini, wengine na fedha, wengine na ahadi. Mmoja alikana mbele ya watu, na Mama akakataza asifuatwe polisi. Wenye deni wa upande wa kusini binti alikuwa akiwafuata mwenyewe, mpaka Juni 2024, wakati M23 walipoiteka Kanyabayonga. Tangu hapo fedha ya huko haikuja. Nusu ya depo imepangishwa kwa muuza saruji. Sisi makarani tumebaki wawili, na daftari bado halitoki nje ya duka.