Theluji ya Got Asego

Mwaka 2021, kabla sijajiunga na shahada ya uzamili, nilifundisha kwa muda katika shule moja ya upili mjini Migori. Somo langu lilikuwa Kiswahili, lakini mwalimu wa Sanaa alipohamishwa nilikabidhiwa darasa lake, eti kwa kuwa fasihi nayo ni sanaa. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi nililolikuta katika maandalizi yake: kuchora kwa rangi za maji mandhari ya majira ya baridi, yenye theluji.

Karibu wote walichora misonobari na nyumba zenye dohani, mithili ya kadi za Krismasi zinazouzwa madukani. Mmoja tu, mzaliwa wa Homa Bay, alichora Got Asego, kilima kilichochongoka karibu na mji wao, kikiwa kimefunikwa na theluji, na Ghuba ya Winam chini yake. Sehemu kubwa ya kilima aliiacha karatasi tupu. Vivulini alipaka samawati iliyokaribia zambarau. Nilimpa alama 9 kwa 20, nikaandika kwa wino mwekundu: "Kazi haijakamilika. Theluji ni nyeupe."

"Mwalimu, mimi nimeiona," alisema.

"Umeiona wapi?"

"Kericho, kwa shangazi. Pe ilianguka ikafunika majani chai yote."

Pe kwa Dholuo ni mvua ya mawe. Darasa liliangua kicheko, nami nikacheka nalo. Kisha nikamsomea somo la msamiati: theluji ni neno la Kiarabu, barafu ni la Kiajemi, na mvua ya mawe ni kitu kingine kabisa. (Sikumwambia kwamba kwa Waajemi wenyewe barf ndiyo theluji.)

Mwaka 2023 safari ya utafiti ilinifikisha Nanyuki. Alfajiri Mlima Kenya ulikuwa wazi. Theluji iliyopigwa na jua ilikuwa na wekundu hafifu; ile ya kivulini, ambayo huangazwa na anga pekee, ilikuwa samawati. Baadaye mchoraji mmoja alinieleza kwamba katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, haupakwi.

Nilipiga simu shuleni. Kijana yule alikuwa ameliacha somo la Sanaa alipoingia kidato cha tatu. Picha yake hakuirudia. Ninayo mimi, na ile 9 nyekundu ingali pale pale, juu ya maji ya ghuba.