Mzee Wetu na Mashine ya Kulalia

Mkoromaji katika nyumba zetu huchekwa. Wajukuu humwigiza, wageni humtania asubuhi wakati wa chai, na mkewe husifiwa kwa subira. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu hapa Singida mjini kwa miaka isiyopungua kumi na tano, na lau Mzee wetu angekoroma mfululizo hadi alfajiri, pengine tungekuwa tunacheka hadi leo. Mama alikwishauzoea mkoromo. Kimya ndicho kilichokuwa kikimwamsha.

Mzee alikuwa akikoroma kwa dakika kadhaa, kisha sauti inakatika ghafla. Kifua kinaendelea kuinuka na kushuka, lakini hewa haipiti. Mama alikuwa akihesabu kwa vidole gizani kama mtu avutaye uradi, na akifika ishirini au thelathini humtikisa bega. Hapo Mzee hushtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, mithili ya mtu aliyeibuka kutoka majini, akageuka upande na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote. Mama ndiye aliyekuwa na habari zote, na kwa kuwa ami yetu, kaka mkubwa wa Mzee, alilala salama usiku mmoja na asubuhi akakutwa ameshafariki, hakuthubutu kuhamia chumba kingine hata siku moja.

Mchana nao ulikuwa na mambo yake. Siku za Ijumaa, khutba haijafika nusu, kichwa cha Mzee kilikuwa kimekwishaangukia kifuani. Katika madhehebu ya Shafii, aliyesinzia akiwa ameketi na makalio yake yamethibiti chini hatenguki udhu, basi vijana wetu wakawa wanamtazama kwa pembe ya jicho kama amekaa sawasawa. Hayo yalivumilika. Yasiyovumilika yalitokea kwenye mizani, kwani Mzee ni mfanyabiashara wa vitunguu: alisinzia kalamu ikiwa mkononi, na magunia saba yakapita bila kuandikwa. Kisha kijana wake wa kazi akaja kutueleza kwa siri kwamba katika barabara ya Manyoni amelazimika mara mbili kuushika usukani kutoka upande wa abiria.

Daktari aliyelifumbua fumbo alianzia kwenye shinikizo la damu. Mzee alikuwa akimeza dawa za aina tatu na shinikizo halishuki. Aliuliza swali moja tu, akimwelekea Mama: "Je, analala vipi?" Mama akazungumza kwa robo saa bila kukatizwa. Tukapewa kifaa kidogo cha kuvaa kidoleni na kifuani kwa usiku mmoja, na majibu yake ndiyo yaliyotunyamazisha sote.

Tulielezwa kuwa misuli ya koo hulegea kwa kila anayelala. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye shingo nene, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa hurudi hadi zikaiziba njia ya hewa. Pumzi ikikatika au ikipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, hilo huhesabiwa kuwa tukio moja. Mwenye matukio 5 hadi 14 kwa saa ana ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa kati, na 30 na kuendelea ni mkali. Mzee alikuwa na 38. Kila mara ubongo humshtua ili apumue, kwa hiyo mtu anayedhani amelala saa nane huwa ameamshwa mamia ya mara. Hata zile safari za msalani mara nne au tano kwa usiku, ambazo sisi tulidhani ni kisukari au tezi dume, zilikuwa na mzizi humo: moyo ukielemewa kwa namna hiyo, hutoa homoni inayoziamuru figo zitengeneze mkojo zaidi.

Tiba aliyoandikiwa ni mashine ambayo madaktari huitaja kwa herufi za CPAP. Kabla yake, mgonjwa mwenye hali mbaya alikuwa akitobolewa koo ili apumulie hapo. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, ndiye aliyejaribu kupuliza hewa puani kwa mfululizo ili koo lisifunge, na matokeo ya wagonjwa wake watano wa mwanzo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet. Nguvu ya hewa hiyo hupimwa kwa sentimita za maji. Zamisha mrija katika chombo cha maji kwa kina cha sentimita 10, kisha upulize hadi povu litoke chini: nguvu hiyo ndiyo tunayoizungumzia. Si kubwa. Lakini kuipokea puani usiku kucha ni jambo jingine.

Mashine ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam mwezi wa Mei, na bei yake ilitugharimu ng'ombe. Jamaa mmoja alitaka kutupatia iliyokwishatumika ughaibuni. Tulikataa, kwani mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziita mamilioni ya mashine zake kwa sababu sifongo ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikimomonyoka na mvutaji huweza kuivuta. Anayeletewa ya mtumba ni haki yake kuulizia namba yake kwanza.

Usiku wa kwanza Mzee alidumu chini ya saa mbili. Tulimfunga mikanda kichwani, tukawasha, naye akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Alipojaribu kusema neno, hewa ikatokea kinywani kwa kishindo, wajukuu waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko: "Babu anarusha ndege!" Saa sita hivi tukasikia barakoa ikitupwa ukutani. "Mmenitia lijamu kama punda," akasema, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu kwa kweli alifanana na aliyetiwa lijamu.

Usiku wa pili kulikuwa na filimbi. Barakoa ile ilifunika pua na kinywa, na pembeni mwa mashavu, palipo na ndevu, haikushika. Hewa ilipenya humo ikipiga mluzi na kumwingia machoni. Mzee ana ndevu nyingi, nyeupe, zilizotunzwa tangu ujana wake. Muuzaji tuliyempigia simu alitoa shauri jepesi: anyoe. Mzee aliiweka simu chini taratibu, akasema mashine irudishwe ilikotoka. Hatukumbembeleza usiku ule. Wengi wanaoiacha tiba hii huiacha katika siku hizi za mwanzo, na hatukutaka neno lake la hasira liwe ahadi.

Usiku wa tatu hakuivaa kabisa, na Mama alirudi katika kuhesabu.

Suluhisho la ndevu lilikuwepo, ila muuzaji hakulitaja. Ipo aina isiyofunika uso: vizibo viwili laini vya mpira, vyenye matundu, vinavyoketi kwenye tundu za pua na kushikwa kwa mkanda mmoja mwembamba. Havigusi ndevu. Muuguzi mmoja ndiye aliyetueleza, na akaongeza jambo lililofaa zaidi: mgonjwa avae mchana akiwa macho, akiwa na shughuli, bila kuambiwa alale. Basi baada ya Alasiri Mzee alikuwa akiketi na vizibo vyake puani akisikiliza redio, nusu saa ya kwanza akiwa amenuna, siku iliyofuata akiwa amesahau. Tukaiweka pia mashine ianze na sentimita 4 na kupanda polepole, ili usingizi umkute kabla ya upepo.

Wakati huohuo habari zilikuwa zimekwishatoka nje. Kwa watu wetu, "mashine ya kupumulia" ni chumba cha wagonjwa mahututi, na tangu siku za korona neno hilo linabeba hofu zaidi. Wakaanza kuja wageni wa kujulia hali, wamebeba sukari na mikate, wakizungumza kwa sauti ya chini. Mzee mwenzake mmoja alimwomba radhi kwa deni la mwaka 2009. Baada ya Magharibi akaja mtu kutuuliza, maana miongoni mwetu yumo katibu wa kamati ya msikiti, kama tumtangaze Ijumaa aombewe. Tulimshukuru tukamwomba asubiri. Shangazi yetu naye akasema ni jinamizi, asomewe. Akasomewa, Mzee mwenyewe akiitikia "amin" kwa moyo safi, kisha akavaa vizibo vyake akalala. Hatukuona kwamba kimoja kinamzuia mwenziwe.

Lililomuumiza Mzee ni kule kuzikwa angali hai. Alituambia waziwazi kwamba afadhali ajifie na koromo lake kuliko kuishi kama maiti anayetembelewa. Ilitubidi tuwaeleze wageni mmoja mmoja kwamba humo hamna mtungi wala oksijeni, ni hewa ileile ya chumbani inayosukumwa tu. Wengine waliamini walipoiweka mikono yao mbele ya bomba. Na yule mwenye deni la 2009, Mzee alilipokea.

Usiku wa tano umeme ulikatika saa nane. Mashine ikanyamaza, Mzee akaamka akihema. Tulipomfikia alikuwa amekwishajivua, ameketi kitandani, na jambo la kwanza alilouliza lilitushangaza: umeme unarudi saa ngapi?

Tumejiuliza sana ni nini kilichompindua. Sisi tunaamini ni namba. Kila asubuhi kioo cha mashine huonyesha saa alizovaa na matukio yaliyobaki kwa saa. Mtu aliyeishi na mizani maisha yake yote hamwamini daktari kwa maneno, huamini kinachosomeka. Alichukua daftari lake la vitunguu, akafungua ukurasa mpya: saa 1 na nusu, matukio 19. Saa 3, matukio 11. Usiku wa nane ukasoma saa 5, matukio 6. Wahudumu wengi huchukulia saa 4 kwa usiku kuwa kiwango cha chini cha mtu anayeitumia tiba ipasavyo. Mzee alipoambiwa hivyo alilipigia mstari tarakimu 5 mara mbili. Siku hiyo alikwenda msalani mara moja tu, na hakungoja kuamshwa kwa Alfajiri.

Mama, kwa upande wake, hakulala. Tulidhani atapumzika, kumbe kimya kile kilichomtisha miaka yote sasa kilikuwa cha usiku kucha. Alikuwa akiamka na kuweka kiganja juu ya kifua cha Mzee. Ilimchukua karibu mwezi kuufahamu mvumo mdogo wa mashine kuwa ndiyo sauti ya kwamba mambo ni salama. Hakuna aliyetuonya juu ya hili, wala hakuna karatasi ya maelekezo iliyomtaja.

Kwa watakaotumia mashine hii mkoani kwetu, yapo mambo ambayo kitabu chake hakiyajui. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvichumvi na floraidi, na yakipashwa moto katika kitangi cha unyevu huacha ukoko mweupe. Yatumike maji yaliyokenekwa, na yanunuliwe kwa uangalifu, kwani kwenye maduka ya spea "maji ya betri" huweza kuwa maji safi au tindikali. Chujio la hewa, kwa vumbi la hapa, lilibadilika rangi ndani ya wiki mbili. Bomba lipite chini ya pindo la chandarua, lisipite juu, la sivyo mbu nao wamepata mlango. Usiku wa baridi ya Juni mvuke huganda ndani ya bomba na kumdondokea mtu puani. Mama amelivisha bomba kanga moja kuukuu na tatizo limekwisha.

Kuhusu Ramadhani tulimuuliza imamu wetu mapema, kwa usingizi wa mchana. Hewa tupu hakuona tatizo nayo, ila alimshauri mchana azime kitangi cha maji, kwa kuchukua tahadhari.

Shinikizo la damu limeanza kushuka na daktari ameondoa dawa moja kati ya tatu, kwa uamuzi wake yeye, si wetu. Mwishoni mwa Juni Mzee alisema anakwenda kijijini kusimamia upigaji wa alizeti, mahali ambapo umeme haujafika. Tulimpa betri ya gari na kifaa cha kuiunganisha, tukamwambia azime kitangi, maana kinachokula umeme zaidi ni kule kupasha maji moto. Betri ilimtosha usiku mmoja kamili na wa pili hadi saa tisa. Usiku wa tatu tulisikia honi getini saa tatu: alikuwa ameyaacha magunia kwa kijana wake wa kazi, na mashine ameipakata mapajani ndani ya mkoba wake.