Sabuni Niliyoipika Mwenyewe

Wako watu ambao saa zao za mapumziko huzitumia kwa kutunza maua, na wengine kwa kufuma vitambaa. Mimi nilichagua kupika sabuni. Walimu wenzangu walicheka. Walisema kwamba sabuni hupatikana katika kila duka, kwamba mche mmoja hukatwa vipande na kuuzwa kwa bei ambayo hata maskini huimudu, na kwamba apikaye sabuni nyumbani ni sawa na achimbaye kisima kando ya bomba la maji. Sikuwa na jibu zuri la kuwapa. Kweli yenyewe ni kwamba mafuta, ambayo ni uchafu wa kila siku wa vyombo na nguo, huingia katika kazi ile na kutoka yakiwa kitu cha kuondolea uchafu. Na ajabu hiyo haijanichosha tangu nilipofundishwa habari zake kwa ubao na chaki katika chuo cha ualimu.

Sabuni yangu ya kwanza niliipika kwa mafuta ya nazi. Ilitoka nyeupe, ngumu, yenye povu jingi, nami nikaitia mchaichai kidogo kwa harufu. Ikiwa kuna wakati ambao mtu mzima hujivuna kama mtoto, ulikuwa wakati ule. Lakini mafuta ya nazi ni ghali Nairobi, na mshahara wa mwalimu, kama mjuavyo, haupendi michezo ya ghali. Basi nikaanza kutafuta mafuta mengine.

Niliyapata katika Soko la Kenyatta. Soko hilo haliko mbali na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na sifa yake imesimama juu ya mambo mawili: nyama ya kuchoma na ususi. Mgeni afikapo hupokewa na moshi na sauti kwa pamoja. Huku nyama inalia juu ya makaa, huku wasusi wanamwita, “Dada, njoo tukusuke!” na kabla hajajibu ameonyeshwa kiti. Wasusi wawili au watatu hukishika kichwa kimoja, kila mmoja upande wake, na vidole vyao huenda upesi hata jicho likashindwa kuvifuata. Mimi nilikuwa na msusi wangu hapo kwa miaka mingi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikaa mbele yake.

Muuza nyama wa kibanda cha jirani alikuwa akikata shahamu za ng’ombe na kuziweka kando. Nilipomwomba aniuzie alinitazama sana. “Mwalimu,” akasema, “watu hununua nyama, nawe wataka mafuta?” Akanipa fungu kubwa kwa fedha kidogo.

Shahamu hukatwa vipande vidogo, huyeyushwa kwa moto mdogo pamoja na maji, huchujwa kwa kitambaa, kisha huachwa ikagande. Ikiganda vema huwa nyeupe na harufu ya nyama hupungua sana. Sehemu ya pili ndiyo ya hatari, nayo ni soda kali. Wengi wenu mnaijua magadi itiwayo katika maharagwe ili yaive upesi, ile ambayo asili yake ni maziwa kama Ziwa Magadi, kusini ya Nairobi. Soda ya sabuni ni ndugu yake, lakini ndugu mwenye hasira. Ikigusa ngozi huila. Ikiingia jichoni yaweza kulipofusha. Sharti mtu avae glavu na miwani, tena amimine soda ndani ya maji, wala si maji juu ya soda, maana mchanganyiko huo huchemka bila moto na waweza kumrukia usoni. Tena asitumie sufuria zetu za alumini. Mimi niliitumia moja, kwa ujinga wa siku za mwanzo. Ikatoa mapovu na mvuke, ikawa nyeusi, na hewa iliyotoka humo, hidrojeni, ni ile iwakayo ikikutana na moto. Tangu siku ile ndoo ya plastiki ngumu ndiyo sufuria yangu.

Nilipima kilo moja ya mafuta ya ng’ombe. Nikafungua daftari langu, nikaona nimeandika gramu 183 za soda kwa gramu 1,000 za mafuta, nikapima vivyo hivyo. Nikakoroga hata mchanganyiko ukawa mzito kama uji, nikaumimina katika makasha matupu ya maziwa, nikaufunika kwa blanketi kuukuu. Siku ya pili nilikata vipande 12. Nikavianika kivulini majuma manne, kama itakiwavyo. Vilikuwa vizuri vya kutazama. Sita nilimpelekea msusi wangu, kwa kuwa mikono yake ilishinda katika mafuta ya nywele na alinawa mara nyingi kwa siku. Alivipokea kwa mikono miwili, nami nikaeleza kwa kirefu, mbele ya wenzake wote, jinsi nilivyovitengeneza.

Mwezi uliofuata nilimkuta ameketi. Wenzake walikuwa wakisuka, yeye hasuki. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimepasuka, na ncha za vidole zimebambuka hata nyuzi za nywele zikawa zinanasa ndani ya mipasuko.

“Mwalimu,” akasema kwa upole, “sabuni yako inauma.”

“Mbona hukunipigia simu ukaniambia?”

“Ulikuwa na furaha sana siku ile.”

Nikamwuliza kwa hofu kama alimwogeshea mtoto wake. Akatikisa kichwa. “Nilijaribu kwanza mikono yangu,” akasema.

Sijui kama alikusudia kunichoma kwa neno hilo. Mimi sikuwa nimejaribu mikono yangu. Nilikuwa bado namalizia sabuni yangu ya nazi.

Vipande vilivyobaki nilivipeleka shuleni. Tunazo karatasi za kupimia tindikali na alkali, ambazo hubadilika rangi kwa daraja kuanzia 0 hata 14. Sabuni njema husimama karibu na 9 au 10. Ile ya nazi ilisimama hapo. Ile ya ng’ombe ilipita mpaka rangi ya mwisho kabisa. Niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu daftari langu, nikawaambia watafute kosa la mpishi, bila kuwaambia mpishi ni nani. Walizungumza juu ya joto, juu ya maji, juu ya siku za kuanika. Mwishowe msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akainua mkono.

“Mwalimu, mafuta yamebadilika lakini soda haikubadilika.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1823 kwamba mafuta ni tindikali zilizoshikamana na gliserini; naye aliishi miaka 102, kwa hiyo kazi ya mafuta na sabuni haiui, ikifanywa na mtu makini. Soda huziachanisha tindikali hizo na gliserini, kisha huungana nazo, na muungano huo ndio sabuni. Tindikali za mafuta ya nazi nyingi ni fupi. Kwa hiyo katika kilo moja zimo nyingi zaidi, na kila moja hudai fungu lake la soda. Za ng’ombe ni ndefu, na katika kilo ni chache. Kilo ya mafuta ya ng’ombe hutosheka na gramu 140 tu. Mimi nilizidisha 43, na soda ile isiyopata mwenzi ilibaki ndani ya sabuni ikingoja ngozi ya mtu. Majuma manne yasingaliiondoa, wala manane.

Nilirudi sokoni na fedha ndani ya bahasha. Msusi hakukataa kama nilivyotazamia, alizihesabu. “Hizi ni za siku tatu,” akasema. “Zilikuwa nne.” Nikatoa nyingine.

Mikono yake ilipopona nilipika tena, kwa gramu 135, ili mafuta machache yabaki bila kuguswa na soda. Nilinawa kwa sabuni hiyo majuma mawili, asubuhi na jioni, kisha nikafunga kipande kimoja katika karatasi nikampelekea. Aliinusa. Hakusema neno. Akaiweka juu ya meza kando ya vitana vyake, akaishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza viganja juu, akavitazama kidole kwa kidole penye mwanga wa mlango. Halafu akanionyesha kiti, akaanza kuzigawa nywele zangu.