Safari ya Kwanza Dar, Kwenda Kupimwa

Dar es Salaam nilikuwa naisikia tu redioni mpaka mwili uliponilazimisha kwenda. Sikuumwa popote, ila siku zangu zilikuwa zinapotea miezi mitatu, minne, halafu zinakuja kwa fujo. Ndevu zikaanza kuota kidevuni. Huko kwetu Lushoto kila mtu alikuwa na jina lake: uvimbe, jicho baya, mvurugiko wa homoni. Wauza dawa za kusafisha kizazi walinila hela mpaka mganga wa kituo cha afya akaniandikia rufaa.

Basi la alfajiri liliteremka kona za Soni hadi Mombo, tukashika barabara kuu. Korogwe, Segera, kisha daraja la Wami. Wenzangu walinunua maji na machungwa dirishani, mimi nikajinyima, maana konda alishatangaza hakuna kuchimba dawa mpaka Chalinze. Jioni shangazi alinipokea Mbezi, akanipeleka kwake Kimara.

Kesho yake hospitali nesi akanigeuzia kibao: unywe maji lita nzima na msalani usiende, kibofu kisipojaa ovari hazionekani vizuri. Daktari akanipaka jeli ya baridi chini ya kitovu, akanionyesha kwenye kioo vidoa vyeusi vilivyojipanga pembeni mwa ovari kama shanga.

“Huu si uvimbe wa kukatwa, binti yangu,” alisema. “Ni vifuko vya mayai yaliyoishia njiani bila kukomaa.”

Picha peke yake hakuitegemea. Alitaka dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari za namna ile. Damu nayo ikapimwa, kuhakikisha kwamba tatizo si la tezi ya shingoni. Majibu yalipotoka akaniambia ni PCOS: haina dawa ya kuimaliza, ila inadhibitika.

Swali la kuzaa lilinikaba kooni, akalijibu sijalitamka. Wengi huzaa, wengine bila msaada, wengine kwa vidonge vya kuliamsha yai. Kilichomtia wasiwasi zaidi ni kizazi: hedhi ikikosekana miezi mingi, utando wa ndani hunenepa, na ukiachwa hivyo miaka unaweza kuzaa saratani. Akanipa vidonge vya kuirudisha hedhi, na metformini, kwa kuwa mwili wangu haukuwa unaitumia insulini sawasawa.

Tulipofika nyumbani shangazi akaishika pakiti, akavaa miwani. “We mtoto, mbona hizi ni zangu?” Yeye ana kisukari. Kumbe PCOS na kisukari ni ndugu wanaokaa jirani, na mwenye PCOS yuko hatarini zaidi kupata kisukari. Usiku ule soda iliondoka mezani, ugali ukapungua, mboga zikaongezeka. Sahani zetu zikawa sawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana PCOS, na hadi 7 katika kila 10 kati yao hawajajulishwa. Basi dada, ikiwa hukuvunja ungo juzi na hedhi yako hupita siku 35 bila kuonekana, au haifiki mara nane kwa mwaka, nenda kapimwe. Sukari na presha pia waambie wapime. Dawa ya kusafisha kizazi iache dukani.