Likizo Makunduchi: bebeni vitabu, ukindu mtaukuta

Shule zikifungwa mwezi Juni, familia nyingi za Dar es Salaam zenye wazee Unguja huvuka bahari kwenda kuwasalimia. Mabegi ya nguo hufungwa usiku mmoja na hayana maneno. Ubishi huwa kwenye begi la watoto. Mama anataka vitabu, watoto wanataka simu na chaja yake, na siku hizi limeongezeka la tatu, vifaa vya kazi za mikono: kalamu za rangi, karatasi za manila, gundi, shanga, nyuzi za kufumia.

Familia moja ya Mbagala, yenye watoto wa miaka 13, 9 na 5, ilikwenda Makunduchi likizo iliyopita na begi la namna hiyo. Lilikuwa zito kuliko yote. Dereva wa bajaji aliuliza kama ndani yake mna saruji. Wazo lenyewe halikuwa baya, kwani nyumba ya bibi haina televisheni na wiki mbili ni nyingi kwa mtoto aliyezoea katuni. Ila baadhi ya vilivyobebwa vilifaa kila siku, na vingine vilikuwa mzigo mtupu.

Makunduchi iko kusini-mashariki mwa kisiwa, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, kwa barabara inayopita msitu wa Jozani ambako magari hupunguza mwendo kwa ajili ya kima punju wanaovuka. Juni na Julai ni msimu wa kusi. Upepo huo huyumbisha boti, kwa hiyo vitabu visitolewe wakati wa kuvuka. Mtoto anayeinamia maandishi boti ikipanda na kushuka huishia kuomba mfuko wa kutapikia. Na vitabu vifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, maana hewa ya chumvi hukunja kurasa.

Huko ufukweni kusi haina huruma na kazi za karatasi. Manila zilipeperuka siku ya kwanza zikaokotwa michongomani. Gundi iliingia mchanga. Shanga zilimwagika uani, kuku wakawahi kabla ya watoto.

Aliyeacha vya dukani mapema kuliko wenzake ni yule wa miaka 5, kwa sababu alimkuta bibi yake barazani na kitu cha kuvutia zaidi. Ukindu, majani machanga ya mkindu, hukaushwa juani mpaka yakawa meupe, kisha huchanwa kwa ukucha au kisu kuwa chane nyembamba. Zinazotakiwa rangi huchemshwa kwenye sufuria kuukuu pamoja na rangi ya unga: nyekundu, kijani, zambarau. Halafu chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaokunjwa duara kadiri unavyokua, na kili hizo ndizo zinazoshonwa ubavu kwa ubavu zikawa mkeka. Mtoto akiharibu, hafuti wala hachani karatasi. Hufumua, akalowesha vidole, akaanza tena. Hakuna kifaa cha dukani kinachovumilia makosa kiasi hicho.

Wa miaka 9, mvulana, alijifanya hataki kazi ya wanawake. Bibi hakubishana naye. "Mume wangu," alimwambia, kwa utani wa mabibi wote wa pwani, "nishikie tu hapa mwisho, usivute." Baada ya siku tatu alikuwa akisuka na kuwasahihisha wenziwe.

Mkasi, kwa upande wake, haukupumzika hata siku moja. Vivyo hivyo sindano kubwa, uzi imara na pakiti za rangi ya unga zilizonunuliwa mjini njiani. Kwa bibi anayesuka, rangi hiyo ni zawadi inayoshinda boksi la biskuti. Mzazi anayetaka kupunguza uzito wa begi abebe vyombo vya kufanyia kazi, malighafi aiache. Pwani hiyo haikosi vifuu, makumbi, makuti yaliyoanguka na makombe matupu yaliyoachwa na maji, ambayo mtoto aruhusiwe kuyaokota ilimradi ndani hamna mdudu aliye hai.

Kilichokuwa hakijasemwa wazi katika nyumba ile ni macho ya bibi. Kusuka anaweza hata gizani, vidole vinajua njia. Kushona hawezi tena, kwa kuwa haoni tundu la sindano. Kili zilikuwa zimekunjwa na kurundikwa chini ya kitanda, za mwaka juzi na mwaka jana, zikingoja mtu. Binti yake, yaani mama wa watoto hao, alipelekwa mjini kusoma akiwa na miaka 12, na mkeka hakuwahi kuushona hata mmoja. Juni ile alijifunza pamoja na wanawe, akiwa na miaka 41, huku mkubwa wao akimtungia uzi.

Vitabu navyo vilipata zamu yao usiku, baada ya isha. Vilivyobebwa vilikuwa 11, vinne vingetosha. Kitabu cha picha cha yule mdogo kilisomwa kila usiku kwa maneno yale yale. Hekaya za Abunuwasi zilimfaa wa katikati kwa sababu ni fupi na zinakwisha kabla usingizi haujashinda. Lakini kilichowakusanya wote ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Mwandishi huyo alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, na Bwana Msa wake anapeleleza humo humo Unguja. Wa miaka 13 alisoma kwa sauti, tochi mkononi. Bibi, aliyesoma chuoni na si skuli, alikuwa akimkatiza: neno hilo halitamkwi hivyo, na mtu huyo asiaminiwe.

"Aliyeandika ni wa hapa hapa, bibi," aliambiwa.

"Ndiyo maana," alijibu, "anajua watu."

Ubishi huo wa maneno ulizaa daftari. Wazee wa Makunduchi wakizungumza wao kwa wao hutumia Kikae, na mtoto wa Mbagala hufuata nusu tu. Binti mkubwa alianza kuandika kila neno asilolijua, akimwuliza bibi maana. Daftari la kurasa 80 halina uzito wowote, na lisiachwe nyumbani. Anayekwenda Julai ajue pia kwamba siku ya Mwaka Kogwa, vijana wanapochapana kwa mabua ya migomba, hakuna mtoto atakayegusa daftari wala kitabu, na asilazimishwe.

Siku ya kurudi begi lilikuwa jepesi. Vitabu saba vilibaki kwa watoto wa jirani, pamoja na kalamu za rangi na shanga zilizonusurika. Mkeka ulikuwa umefika nusu. Mama alitaka kuuchukua aumalizie Dar es Salaam, bibi akakataa. Aliukunja, akachomeka sindano pembeni uzi ukiwa bado umetungwa, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Likizo ya Desemba haiko mbali, alisema, na nusu iliyobaki ina mistari ya zambarau ambayo yule mdogo ndiye aliyeichagua.