Pombe ya nafaka ndani ya bedsita

Wasee, kila nikitaja pombe ya kujitengenezea, mtu hunitumia video ya Mzungu mwenye gereji, matangi ya chuma na friji ya bia peke yake. Mimi naishi bedsita Githurai. Nikinyoosha mguu kitandani nagusa mtungi wa gesi.

Kukhu wangu wa Bungoma alipika busaa miaka mingi bila hata kipimajoto. Karo ya mathe ilitoka hapo. Sehemu ya karo yangu ya chuo pia, na mnajua vile iliisha, niliacha mwaka wa pili. Nilipompigia anifundishe, alinyamaza, kisha akauliza, "Hii ndiyo kazi uliachia masomo?" Sikuwa na jibu. Akanifundisha tu.

Unaanza na kimea. Nilinunua wimbi kilo mbili na unga wa mahindi, zote chini ya shilingi 500. Unaloweka wimbi siku moja, unamwaga maji, unafunika na gunia bichi mpaka iote. Yangu ya kwanza ilishika ukungu, nikatupa yote. Usijaribu kuokoa nafaka yenye ukungu, hata kama imekuuma mfukoni. Ya pili niliitandaza nyembamba, nikaikausha juu ya paa katikati ya nguo za majirani, nikilinda kuku.

Busaa yenyewe, unga uliochachishwa hukaangwa mpaka ubadilike rangi. Nilijaribu. Moshi ulijaa koridoni, na jirani akagonga kuuliza nani ameunguza ugali. Nikaamua kupika uji mzito badala yake, nikamwaga kimea ukiwa bado unatokota. Nikangoja. Ukabaki uji.

"Umekiua," Kukhu akasema. "Wewe hukusoma haya huko?"

Nilisoma, kwa kweli. Vimeng'enya, wanga kuwa sukari, nilipita huo mtihani. Hakuna aliyeniambia viko ndani ya wimbi, na kwamba maji yanayochemka huviharibu. Vinapenda joto la nyuzi 65 hivi. Kukhu hupima kwa kidole: kikiingia na kutoka mbio bila kuungua, weka kimea. Nilifanya hivyo, nikafunga sufuria na blanketi langu la pekee. Baada ya saa moja uji ulikuwa mwepesi kama chai na mtamu bila sukari hata kijiko. Mazee, nilikaa sakafuni nikacheka.

Ukipoa kabisa, unaongeza kimea kidogo kibichi, kwa sababu chachu imo humo. Ndoo ya lita 10, usijaze, na kifuniko usikaze, la sivyo gesi itakitupa darini. Siku tatu, ukachuja na kitambaa safi.

Mtaniuliza bei. Siuzi. Sheria ya vileo ya 2010 inataka mtengenezaji awe na leseni, kwa hivyo kabla hujafikiria biashara, ulizia ofisi za kaunti yako. Kukhu aliwahi kumwagiwa mitungi yake yote wiki ya kufungua shule, na hilo hakunisimulia yeye, alinisimulia mathe.

Jana alipiga kuuliza kama ilitoka chachu au chungu. Nikamwambia chachu. Akasema nikienda Disemba nisimbebee pombe. Nibebe kimea, aone vile kimeota.